Edgar Wallace: Muuza magazeti aliyekimbizana na madeni hadi Hollywood

MNAMO 1934, katika studio za filamu za Shepperton karibu na jiji la London, mafundi walijenga kijiji cha Kiafrika. Vibanda vya nyasi vilisimamishwa, nao Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza wakaitwa kutoka bandarini na vyuoni waje kujaza uwanja. Miongoni mwa waliovishwa mavazi ya machifu alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa akihangaikia riziki na masomo ughaibuni. Jina lake lilikuwa Johnstone Kenyatta.

Miaka 29 baadaye, Kenyatta huyo huyo, wakati huo akijulikana kama Jomo, aliiongoza Kenya kujinyakulia uhuru kutoka kwa dola ambayo filamu ile iliitukuza. Filamu yenyewe, Sanders of the River, ilitokana na hadithi za mwandishi Mwingereza ambaye tayari alikuwa kaburini. Hakuwahi kuiona, na hakujua kwamba rais wa kwanza wa taifa ambalo halijazaliwa angelipwa ujira mdogo kuigiza katika Afrika aliyoibuni yeye.

Mwandishi huyo ni Edgar Wallace. Ni vijana wachache leo wanaolitambua jina lake, hata huko kwao Uingereza. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 hapakuwa na kibanda cha vitabu katika kituo chochote cha gari moshi nchini humo kilichokosa kazi zake. Mwaka 1928 wachapishaji wake walidai kwamba ukiitoa Biblia, kitabu kimoja katika kila vinne vilivyosomwa Uingereza kiliandikwa naye. Huenda walitia chumvi, kwani mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini hakuna aliyejitokeza kuwabishia kwa sauti kubwa.

Wallace alizaliwa Aprili 1, 1875, katika eneo la Greenwich, London, na kuzaliwa kwake kulikuwa siri. Mamake, Polly Richards, alikuwa mwigizaji mjane aliyezunguka na kundi la maigizo kutoka mji mmoja hadi mwingine. Babake, Richard Horatio Edgar, alikuwa mwigizaji wa kundi hilo hilo, na tayari alikuwa amechumbia msichana mwingine. Polly, kwa kuchelea fedheha na kupoteza kibarua, alitafuta kisingizio cha kuondoka, akajifungua mbali na wenzake. Baba mtu hakujua kwamba amepata mwana. Katika cheti cha kuzaliwa, mama aliandikisha baba wa kubuni kwa jina la Wallace. Kwa hivyo, hata jina ambalo baadaye lilipamba majalada ya mamilioni ya vitabu lilianza kama hadithi ya kutungwa.

Siku chache baadaye, mtoto alikabidhiwa familia ya George Freeman, mchukuzi katika soko la samaki la Billingsgate. Freeman na mkewe walikuwa na watoto kumi wa kwao, lakini walimpokea huyu wa kuletwa. Polly alikuwa akilipa ada ndogo ya malezi. Alipokosa uwezo wa kuilipa, mtoto akiwa na miaka mitatu hivi, ilibidi achukuliwe au apelekwe katika nyumba ya maskini. Akina Freeman hawakukubali aondoke. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini mkono wa Bi Freeman ulikuwa karibu mtupu na bado ulimlea mwana wa mwenzake kama aliyemzaa mwenyewe.

Shule haikumkalia moyoni na aliiacha akiwa na miaka 12. Hata kabla ya hapo alikuwa ameshaonja biashara, akiuza magazeti pembeni mwa makutano ya Ludgate Circus, hatua chache tu kutoka Fleet Street, mtaa ambao ndio uliokuwa moyo wa uanahabari wa Uingereza. Alifanya vibarua katika kiwanda cha uchapishaji na kiwanda cha mpira, akapeleka maziwa nyumba kwa nyumba, na hata akapata kazi ya upishi katika meli ya wavuvi. Bahari ilimshinda. Meli ilipotia nanga Grimsby, alitoroka na kurejea London kwa miguu.

Jeshi ndilo lililomtoa katika mzunguko huo. Alijiunga nalo akiwa kijana asiye na ujuzi wowote, akahamishiwa kitengo cha matibabu, na mwaka 1896 akatumwa Afrika Kusini, katika kambi ya Simonstown karibu na Cape Town. Huko ndiko alikoanza kuandika mashairi, ya kiaskari, yenye lugha ya mitaani aliyokulia. Magazeti ya Cape Town yaliyachapisha. Mnamo 1898 mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling alipozuru mji huo, askari huyo mwenye elimu ya miaka michache alimtungia shairi la makaribisho, na wakaonana. Mwaka huo huo alichapisha diwani yake ya kwanza, na mwaka uliofuata akajinunulia ruhusa ya kuondoka jeshini ili aishi kwa kalamu.

Vita vya Makaburu vilipozuka mwaka 1899, Wallace aliviripotia shirika la habari la Reuters, kisha gazeti la Daily Mail la London. Ni katika vita hivyo alipofanya jambo ambalo wanahabari wa kizazi kile walilisimulia hadi uzeeni.

Mwezi wa Mei 1902, wajumbe wa pande mbili walikutana Vereeniging kujadili amani. Kambi ilizungushiwa ulinzi, na Jenerali Kitchener akapiga marufuku mwanahabari yeyote kusogea. Wallace hakusogea. Alichofanya ni kupanda gari moshi lililopita karibu na kambi, akaenda nalo na kurudi nalo, siku baada ya siku. Ndani ya kambi alikuwamo mlinzi mmoja, rafiki yake wa siku za jeshi. Kila gari moshi lilipopita, mlinzi huyo alitoa leso mfukoni na kupenga kamasi. Rangi ya leso ndiyo iliyokuwa habari. Siku ilipochomoza leso nyeupe, Wallace alijua kwamba mkataba wa amani uko tayari, na Daily Mail likawatangulia wapinzani wake wote.

Kitchener alighadhabika, na Wallace akapigwa marufuku ya kuwa mwanahabari wa vita. Haikumtia hofu wakati huo. Alikuwa amemwoa Ivy Caldecott, binti ya mhubiri wa Kimethodisti, na mwaka 1902 aliteuliwa mhariri wa kwanza wa Rand Daily Mail, gazeti jipya la Johannesburg. Kwa mtu aliyeuza magazeti barabarani akiwa mtoto, kuketi katika kiti cha mhariri kabla ya kutimiza miaka 28 ilikuwa ndoto. Mshahara ulikuwa mnono, naye akautumia kwa fujo na kucheza kamari ya hisa. Mwaka 1903 mambo yalimwendea mrama. Binti yao mdogo alifariki kwa ugonjwa wa uti wa mgongo, Wallace akakosana na mwenye gazeti, na familia ikarejea London ikiwa na madeni badala ya akiba.

Mwaka huo huo, mwanamke mzee na mgonjwa alibisha mlangoni kwake London. Alikuwa Polly, mama aliyemzaa, ambaye hakuwa ameonana naye tangu utotoni. Alikuja kuomba msaada wa pesa. Wallace, ambaye mwenyewe alikuwa akikwepa wadai, alimjibu kwa ukali na kumwondoa. Polly alifariki baadaye mwaka huo katika hospitali ya Bradford. Wallace aliujutia mkutano ule baadaye, na huenda ndiyo sababu mtu huyo aliyekuwa na ukarimu wa kupindukia alishindwa maishani kumfukuza yeyote aliyemjia na shida, awe mkweli au laghai.

Mwaka 1905 alijaribu kujinasua kwa njia ambayo ingemzamisha zaidi. Alikuwa ameandika riwaya, The Four Just Men, kuhusu kundi la watu wanaotishia kumuua Waziri wa Mashauri ya Kigeni wa Uingereza iwapo hataondoa mswada fulani bungeni. Waziri anafungiwa chumbani, polisi wanaizingira nyumba, na bado anakufa kwa saa iliyotajwa. Alikufaje? Hatutatoboa siri hapa, kwani kitabu bado kinasomeka.

Hakupata mchapishaji, hivyo akaanzisha kampuni yake mwenyewe. Kisha akapata wazo aliloliona la dhahabu. Angechapisha kitabu bila maelezo ya namna waziri alivyokufa, na kumtaka msomaji ajaze fumbo hilo kwa zawadi ya jumla ya pauni 500. Matangazo yalibandikwa kila mahali, kurasani, ukutani na kwenye mabasi. Kitabu kiliuzwa kama njugu.

Kosa lake lilikuwa moja tu, tena la mtu asiyesoma masharti aliyoyaandika mwenyewe. Hakusema kwamba ni mshindi mmoja pekee atakayelipwa kwa kila zawadi. Kisheria, yeyote aliyetoa jibu sahihi alistahili kulipwa, na majibu sahihi yalimiminika kwa mafurushi. Kadiri kitabu kilivyouzwa, ndivyo deni lilivyopanda. Wiki zikapita bila majina ya washindi kutangazwa, na wasomaji wakaanza kunung'unika kwamba wametapeliwa. Alfred Harmsworth, mmiliki wa Daily Mail, alilazimika kumkopesha fedha ili jina la gazeti lake lisiingie matopeni pamoja na la mwajiriwa wake. Wallace aliishia kuuza haki za kitabu hicho kwa bei ya kutupa, kitabu ambacho kimeendelea kuchapishwa hadi karne hii.

Harmsworth hakuvumilia kwa muda mrefu zaidi. Taarifa za Wallace zilikuwa na makosa yaliyochangia gazeti kushtakiwa kwa kuwaharibia watu jina, na mwaka 1907 akafutwa kazi.

Kabla ya hapo, hata hivyo, alikuwa amefunga safari ambayo ndiyo inayotuhusu sisi zaidi. Alitumwa Kongo, iliyokuwa milki binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kuchunguza habari za unyama uliotendewa wenyeji ili wagemue mpira kwa wingi. Dunia ilikuwa imeanza kusikia kuhusu vijiji vilivyochomwa na watu waliokatwa mikono. Wallace alisafiri mtoni, akaongea na wamishenari, akasikiliza visa.

Msomaji angetarajia kwamba mtu aliyetoka huko angeandika juu ya uovu wa ukoloni. Sivyo ilivyokuwa. Miaka michache baadaye, akiwa hana ajira na familia inamtegemea, mhariri Isabel Thorne wa jarida la Weekly Tale-Teller alimtaka ageuze kumbukumbu zake za Afrika ziwe hadithi. Wallace alichukua mto mkubwa wa Kongo na misitu yake, akauhamishia katika koloni la Kiingereza la kubuni upande wa Afrika Magharibi, na akamweka juu yake mtawala Mwingereza aitwaye Sanders. Kitabu cha kwanza, Sanders of the River, kilitoka mwaka 1911, na vingine vingi vikafuata.

Sanders ni mtu wa maneno machache anayesafiri kwa mashua ya mvuke na askari wachache, akiamua kesi, akichapa na kunyonga. Waafrika wanamwogopa na kumpenda kwa pamoja, kama watoto kwa baba mkali. Akiondoka likizo, makabila yanaanza kuchinjana. Akirejea, amani inarudi. Wazee wetu waliomjua Bwana DC, na kofia yake ngumu na vitabu vyake vya kodi, wangemtambua Sanders mara moja, ila wasingeutambua upendo ule.

Mgala muue na haki umpe. Kati ya waandishi wa aina hiyo, Wallace alijua kusimulia. Mhusika wake Bosambo, mtoro wa gereza kutoka Liberia aliyejipenyeza hadi akawa chifu wa watu wa Ochori, ni mjanja, mwongo, shujaa na mcheshi, na mara nyingine anamzidi Sanders kwa akili. Msomaji humfuata Bosambo kama tunavyomfuata Sungura. Lakini mwisho wa kila hadithi Bosambo hurudi chini ya kivuli cha bwana wake. Mwandishi aliyekwenda Kongo kuyaona maovu ya mfalme mmoja wa Ulaya alirudi na kuwatungia Waingereza Afrika iliyowafanya walale usingizi mnono. Jambo hilo lilinunulika, na yeye alihitaji kuuza.

Kutoka hapo Wallace hakusimama tena. Aliandika riwaya za upelelezi, tamthilia, makala za mbio za farasi, na habari za Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Ndoa yake na Ivy ilivunjika, na mwaka 1921 akamwoa katibu wake, Ethel Violet King, ambaye wote walimwita Jim. Mwaka huo huo alitia saini mkataba na kampuni ya Hodder and Stoughton, ambayo tofauti na wachapishaji wa awali haikumchukulia kama mchuuzi wa hadithi za bei rahisi. Walimtangaza kama mfalme wa hadithi za kusisimua, wakaweka saini yake kwenye majalada, na dunia ikaitikia.

Mtindo wake wa kazi ulikuwa wa ajabu. Hakuandika kwa mkono ila kwa nadra. Alivaa joho la nyumbani, akajifungia katika chumba kisichopitisha upepo, akashika sigara kwenye kishikio kirefu na kikombe cha chai chenye sukari tele, kisha akaisimulia riwaya kwa sauti mbele ya mashine iliyoinasa kwenye silinda za nta. Karani wake, Robert Curtis, aliyekuwa na vidole vyepesi mno, alizichukua silinda hizo na kuzipiga taipu. Wallace hakupenda kurudia wala kuhariri. Riwaya nzima ingeweza kukamilika kwa siku tatu au nne. The Devil Man, kitabu kinene kuhusu mhalifu Charles Peace, kilisemekana kukamilishwa kwa saa 60 za wikendi moja.

Kasi hiyo iligeuka mzaha wa taifa. Ilisimuliwa kwamba mtu alimpigia simu akaambiwa kuwa Wallace hawezi kukatizwa kwa sababu ndiyo kwanza anaanza riwaya mpya, naye akajibu kwamba atasubiri kwenye simu mpaka amalize.

Kazi za namna hiyo haziwezi kukosa nyufa. Kuna riwaya zake ambamo mhusika hubadilika jina katikati, na nyingine ambamo fumbo hufumbuliwa kwa mlango wa siri ambao haukutajwa popote. Wahakiki walimdharau. Ila walipuuza jambo moja, kwamba Wallace alikuwa na sikio. Wezi, makuli, madereva na polisi wake huzungumza kama watu wa London aliyokulia, si kama wahusika wa vitabuni. Isitoshe, tofauti na wenzake wa enzi hiyo, wapelelezi wake wengi ni maafisa wa polisi wa kawaida wanaolipwa mshahara. Hata J. G. Reeder, mzee mpole mwenye mwavuli, ni mtumishi wa serikali anayegundua uhalifu kwa kuwa, kwa maelezo yake, ana akili za kihalifu. Wasomaji waliozoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayevuta kiko na kutafakari, watawaona wapelelezi wa Wallace kuwa watu wa pupa, lakini watawapenda.

Jukwaani pia alifaulu. Tamthilia yake The Ringer ilivuma London mwaka 1926. Mwaka 1929 alitembelea Chicago, ambako genge la Al Capone lilikuwa likitawala mitaa, na aliporudi akaisimulia kwa siku nne tamthilia On the Spot, ambayo wengi huiona kuwa bora kuliko zote alizoandika. Ilipoonyeshwa mwaka 1930, ilimpandisha chati mwigizaji Charles Laughton. Wallace aliongoza bodi ya kampuni ya filamu ya British Lion, na hata akaelekeza filamu kadhaa mwenyewe. Jumla ya kazi zake hukadiriwa kuwa zaidi ya riwaya 170, tamthilia 18 na hadithi fupi zaidi ya 900.

Pesa ziliingia kama maji, hadi pauni 50,000 kwa mwaka, kiasi ambacho mfanyakazi wa kawaida wa wakati ule hangekipata hata kwa kufanya kazi maisha yake yote. Ziliondoka vivyo hivyo. Alikuwa na gari la Rolls-Royce la rangi ya manjano, nyumba kubwa ya Chalklands katika kijiji cha Bourne End, na chumba cha kudumu katika hoteli ya kifahari. Alialika mamia ya watu, akalipa madeni ya wengine huku yake yakimsubiri. Donda lake kubwa lilikuwa mbio za farasi. Aliandika safu za kuwashauri wasomaji farasi wa kuwekea dau, ilhali yeye mwenyewe alipoteza mno kwa kuufuata ushauri wake. Alinunua farasi wa kwake, na wengi wao walikuja nyuma.

Mwaka 1931 alijitosa katika siasa, akawania ubunge wa Blackpool kwa tiketi ya Liberali, na kubwagwa kwa zaidi ya kura 33,000. Wapigakura walisoma vitabu vyake wakampa mwingine kura.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwishoni mwa mwaka huo madeni yalikuwa yamemlemea kiasi kwamba riwaya, hata kwa kasi yake, hazingetosha. Kampuni ya filamu ya RKO ya Marekani ilimhitaji mwandishi. Mwezi wa Novemba 1931 aliabiri meli, akawaacha Jim na watoto Uingereza, akielekea Hollywood. Alikuwa na umri wa miaka 56.

Huko alikutana na Merian C. Cooper, mtayarishaji aliyekuwa na ndoto ya filamu kuhusu sokwe mkubwa. Wallace aliketi siku za mwanzo za Januari 1932 na, kama kawaida yake, akamaliza rasimu ya kwanza kwa takriban siku tano. Ndani yake mna kisiwa, mnyama anayetekwa na kupelekwa mjini New York, na msichana anayemtia wazimu. Filamu iliyozaliwa humo ndiyo King Kong.

Mchango wake kwa kweli ulikuwa kiasi gani? Hilo limezua ubishi tangu wakati huo. Mswada uliotumika hatimaye uliandikwa upya na James Creelman na Ruth Rose, na miaka mingi baadaye Cooper alishikilia kwamba Wallace hakuandika chochote katika filamu ile, ila alimtaja kwa sababu alikuwa amemwahidi. Maoni yetu ni kwamba Cooper alijipendelea. Rasimu ya Wallace ilisalia, na anayeisoma huiona mifupa ya kisa waziwazi, hata kama nyama iliongezwa na wengine.

Wallace mwenyewe hakuwahi kuingia katika ubishi huo. Mwezi wa Januari alianza kusumbuliwa na maumivu makali ya kichwa, na madaktari wakagundua ana ugonjwa wa kisukari. Huenda alikuwa ameishi nao kwa miaka bila kujua, akinywa chai yake ya sukari kikombe baada ya kikombe. Hali ilizorota kwa kasi. Jim alikata tiketi ya meli ili amfuate California, lakini kabla ya kung'oa nanga alipata habari. Mumewe alikuwa amepoteza fahamu na, baada ya kushikwa na homa ya mapafu, alifariki mjini Beverly Hills mnamo Februari 10, 1932.

Mwili wake ulirejeshwa kwa meli ya Berengaria. Bandarini Southampton bendera zilipepea nusu mlingoti, na katika Fleet Street kengele zililia. Alizikwa Little Marlow, si mbali na nyumba yake ya Chalklands. Mawakili walipofungua vitabu vyake vya hesabu walikuta madeni yaliyokisiwa kufikia pauni 140,000. Jim, aliyekuwa mjane akiwa bado kijana, alifariki mwaka 1933, takriban miezi 14 baada ya mumewe. Jambo la kushangaza ni kwamba vitabu havikuacha kuuzwa. Katika muda wa miaka miwili hivi, mrabaha ulikuwa umelipa madeni yote, na waliorithi wakaanza kula jasho la mtu ambaye akiwa hai hakuwahi kulimaliza deni hata moja bila kuanzisha jingine.

King Kong ilizinduliwa New York mwezi wa Machi 1933, jina la Wallace likiwa miongoni mwa waliobuni kisa. Nchini Ujerumani alipendwa kuliko kwao, na kati ya 1959 na 1972 kampuni moja ya huko ilitoa filamu nyingi kutokana na riwaya zake, zikajaza kumbi kwa miaka yote hiyo. Zaidi ya filamu 160 zimetokana na maandishi yake duniani kote.

Ile ya mwaka 1935, aliyoigiza Kenyatta, iliongozwa na Zoltan Korda, na Bosambo akachezwa na Mmarekani mweusi Paul Robeson, mwimbaji na mwanaharakati mkubwa. Robeson alikubali kwa kuwa aliahidiwa kwamba nyimbo, ngoma na utamaduni halisi wa Mwafrika vingeonyeshwa kwa heshima. Picha zilizopigwa Afrika kweli zilikuwamo. Lakini filamu ilipokamilika, Bosambo yule mjanja wa vitabuni alikuwa amegeuzwa mtumishi mwaminifu, na filamu nzima ikawa wimbo wa sifa kwa watawala wa kikoloni. Robeson aliikana hadharani na kujuta kushiriki.

Kenyatta aliendelea na masomo yake London. Mwaka 1938 alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu ambamo Mwafrika, kwa mara hii, ndiye aliyeieleza jamii yake mwenyewe, mila zake, ardhi yake na namna ilivyojitawala kabla ya kuja kwa akina Sanders.

Wallace naye amebaki na kumbukumbu ndogo jijini London. Katika makutano ya Ludgate Circus, pale pale alipokuwa akiuza magazeti utotoni, pana bamba lenye sura yake ukutani. Watu hupita mbio kuelekea kazini, wengi bila kulitazama. Riwaya 170 na sokwe wa New York havikupewa nafasi ya kwanza hapo. Bamba linamtambulisha kama mwanahabari.